Fungu Chini ya Kikombe

Juzi nilikuwa mjini Nyamagana, nimesimama kwenye foleni ya benki iliyotoka mpaka nje, ndipo nikaisikia ile harufu. Kijana mmoja alikuwa anapunguza uzio wa maua kwa mkasi mrefu, kraa, kraa, na kila tawi lililoanguka lilitoa harufu mbichi ya majani yaliyopondwa, na nyuma yake kitu kitamu kidogo, kama asali iliyokaa kwenye kopo lenye kutu. Foleni ilikuwa imeshanichosha, mimi si mtu wa kusubiri. Lakini harufu ile iliniondolea hasira yote ikaniachia baridi. Chini pale vilikuwa vimetapakaa vitunda vya njano, vidogo, vinang'aa, vimepangana kwenye vikonyo vyake. Mtoto wa shule alikuwa ameinama anaviokota.

"Tupa!" nikapiga kelele. "Tupa hivyo!"

Mtoto akatupa. Mama yake akanikagua toka juu mpaka chini. "Vipi dada, ni vya kwako?" Foleni nzima ikacheka. Nikaacha nafasi yangu nikaondoka zangu. Yule mama singeweza kumweleza pale barabarani. Nyinyi nawaeleza.

Mimi ni Doto. Jina hilo peke yake linakwambia kwamba kabla yangu alitangulia Kulwa, pacha wangu, kwa dakika chache tu, lakini dakika hizo zilimfanya mkubwa wangu maisha yote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Neno "kubinafsisha" sikulijua maana yake, nilijua tu kwamba likitajwa kwenye redio, Baba anaizima. Meneja wa shirika aliondoka na familia yake, nyumba yake ya mlimani ikabaki tupu ikisubiri mwekezaji, na Baba akaambiwa aende kukaa humo asije mtu akang'oa mabomba na milango. Kwa hiyo sisi tuliotoka kwenye chumba kimoja na ukumbi kule Mabatini tukahamia kwenye nyumba kubwa ya mawe na vigae, na vitanda vyetu viwili na ndoo. Ukikohoa chumba cha mwisho, unajibiwa chumba cha kwanza. Mishahara ilipokatika, Baba alivuka ziwa kwenda Nansio kutafuta biashara ya samaki, akawa anaonekana kama mgeni. Tukabaki wanawake watupu: Mama, Bibi mzaa baba aliyeletwa kutoka Magu, na sisi wawili.

Sikuipenda ile nyumba. Korongo wenye vipara, wale wanaokula taka za samaki, walikuwa wanalala juu ya paa letu, na asubuhi ulisikia kucha zao zikitembea kwenye vigae kama watu wanaotafuta mlango. Bibi aliwarushia vijiti akiwatukana kwa Kisukuma. Hawakuruka. Walisogea hatua moja, wakaendelea kumtazama. Na ukitazama chini, ziwa lilikuwa limeanza kufunikwa na magugu maji. Yalitoa maua ya zambarau, mazuri kweli, na siku baada ya siku maji yakazidi kupotea machoni na kelele za mitumbwi zikazidi kuwa mbali.

Ila bustani. Hapo ndipo tulipoishi mimi na Kulwa.

Meneja, au mke wake, au Mzungu aliyekaa kabla yao, alipanda kila kitu. Mama, mzaliwa wa Nansio, alianza na vile anavyovijua. Alitufundisha kuchuma maua ya maboga asubuhi kabla jua halijayafunga, na kuchuma madume tu. Ukifunua kitako cha ua ukakuta kiboga kidogo kama kidole gumba, hilo ni jike, liache, hicho ni chakula cha mwezi ujao. Maua aliyapika na karanga za kutwanga. Rosela tulizitoa kokwa zake za kijani, tukabaki na yale maganda mekundu yenye unyevunyevu, Mama akayachemsha, nyumba nzima ikanuka uchachu mpaka mate yakajaa mdomoni. Akafunga juisi ya rosela kwenye vimfuko vya nailoni, akawauzia watoto wa shule getini. Ua jekundu la uzio, lile lenye ulimi mrefu, tulilikata kitako tukafyonza tone la asali. Mforosadi ulitupaka midomo rangi ya wino. Na kulikuwa na kijitunda cha njano kilichovaa gamba kavu kama karatasi. Sisi tulikiita koti. Unalivua koti, unakula mwenye koti.

Bibi naye alijua mnavu, na vitunda vyake vyeusi vikiiva. Lakini mimea mingine yote, ile iliyopandwa kwa urembo, hakuijua hata mmoja wao. Bibi aliiita yote kwa pamoja "maua ya ofisi", na alitema mate akipita karibu nayo.

"Mmea unaokaa tu na kupendeza," alisema, "una kitu unaficha."

Mama aliweka sheria moja, fupi, na aliirudia akitushika masikio: "Usilolijua jina, usilile."

Sheria nzuri. Kasoro yake ni kwamba Mama hakuwajua vizuri watoto wake. Mimi na Kulwa tulikaa chini tukaijadili, tukaona ina dawa rahisi sana. Kama tatizo ni jina, si tutayapa majina? Tukaanza kubatiza. Ua la njano lenye mdomo mpana tukaliita tarumbeta. Kimti chenye majani ya madoa tukakiita Chui. Na uzio wote wa upande wa ziwa, ule wenye maua madogo ya bluu na vitunda vya njano vilivyoning'inia kama mapambo ya bibi harusi, tukauita shanga. Baada ya hapo tulikuwa tunalijua jina la kila kitu.

Sasa lazima niwaeleze mambo ya mapacha, maana bila hayo hamtaelewa tulivyokaribia kuzika.

Kwa Bibi, mapacha, mabasa kama anavyowaita yeye, hawabaguliwi hata kwa punje. Muhogo ukikatwa, unakatwa katikati. Karanga moja ikibaki, inapasuliwa. Kulwa akinunuliwa sare, na mimi nanunuliwa, hata kama ya kwangu bado nzima. Hata fimbo tuligawana: Kulwa akivunja sahani, na mimi nachapwa, eti asije akajisikia mpweke. Mbaya zaidi ilikuwa dawa. Kulwa akiumwa malaria, na mimi mzima kabisa nilimezeshwa klorokwini, tukakaa wote kwenye mkeka tunajikuna kama mbwa wawili, mmoja mgonjwa na mmoja wa heshima tu.

"Anayekula peke yake huzikwa peke yake," Bibi alisema kila tukikunja uso. Alikuwa anapenda utani, alituita wake wenzake, lakini kwenye hilo hakutania.

Tena mkubwa ndiye anayeanza. Kulwa huonja, halafu mimi. Kwenye mambo yetu ya bustani ilikuwa hivyohivyo. Kulwa anang'ata, anatafuna, anaangalia juu kama padri, mimi nimesimama namtazama mdomoni huku nikiungua kwa haraka. Akisema "Tamu," tunagawana sawasawa. Akisema "Acha," tunaacha. Kabla hajasema, mimi sigusi. Niliona ni uonevu. Niliona amepewa utamu wa kwanza wa kila kitu duniani kwa sababu tu alijua njia ya kutoka mapema.

Na kama mmoja hayupo, fungu lake linawekwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la maji la saruji, na kwenye ukingo wake tulikuwa na kikombe cha bati kilichong'oka mkono, tumekilaza kifudifudi. Asiyekuwepo, chake kiko chini ya kikombe. Hakuna aliyewahi kukuta patupu.

Mwaka ule watu walikuwa wanajiandaa kupiga kura za vyama vingi, na Bibi, ambaye ulimi wake haukuelewana na r, alitangaza kwamba siku ikifika naye atashuka kwenda kupiga kula.

"Mama," mama yetu akamwambia, "hiyo kula ya kupiga umeiona wapi? Tuambie na sisi."

Tulicheka sana. Tulikuwa na njaa, ndiyo maana tulicheka sana.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa anashuka ufukweni, karibu na kiwanda cha minofu, kununua mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki baada ya nyama kusafirishwa Ulaya. Alitaka mtu wa kumsaidia kubeba. Ndala za Kulwa zilikuwa zimekatika, kwa hiyo nikaenda mimi. Kulwa alinuna. Alisimama getini ananitazama tukishuka kwenye mawe, amekunja mikono, na nikamtolea ulimi.

Tuliporudi jua lilikuwa limepita utosini. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele, na Kulwa amelala kwenye mkeka pembeni yake, uso kauelekeza ukutani.

"Mwenzako ana homa," Bibi akaniambia. "Amelala tangu muda ule. Nimemwita uji, hataki."

Mama akamgeuza. Sitasahau. Midomo ilikuwa imevimba imekuwa kama ya mtu mwingine. Ngozi inawaka. Mama akamfunua jicho kwa kidole, na ile mboni nyeusi ilikuwa imetanuka imekula jicho karibu lote, inatazama na haituoni.

"Amekula nini huyu?"

"Uji," Bibi akasema. "Wamekula uji wote wawili."

"Baada ya uji?"

Bibi akanionyesha kwa kidole. "Mama Kulwa, si umtazame huyu? Anachokula huyu ndicho anachokula yule. Huyu si mzima? Hiyo ni homa ya mbu."

Mama akanigeukia. "Doto, mmekula nini bustanini?"

"Hatujala kitu," nikasema. Ulikuwa ukweli. Kwenye kichwa changu hakukuwa na chakula cha Kulwa peke yake. Chakula kilikuwa chetu, na sisi hatukuwa tumekula kitu.

Mama akamfunga mgongoni kwa kanga mbili, mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake, tukashuka mlima mpaka hospitali. Bibi nyuma na fimbo yake, mimi nyuma ya Bibi. Kila baada ya mawe kadhaa kichwa cha Kulwa kilikuwa kinaanguka upande, Mama anakirudisha kwa bega.

Hospitalini daktari alikuwa kijana, amechoka, wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido. Aliuliza swali lilelile: amekula nini? Na Bibi akatoa jibu lilelile, kwa sauti kubwa, akinisukuma mbele kama shahidi.

"Dokta, hawa ni mabasa. Hawajawahi kula mbalimbali toka wazaliwe. Mwangalie huyu. Angekuwa amekula sumu, huyu angekuwa anacheka?"

Sikuwa nacheka. Lakini daktari aliniinamia akasema toa ulimi, nikatoa. Akanitazama macho, akanibonyeza tumbo. Mzima kama ng'ombe. Akatikisa kichwa, akarudi kwa Kulwa, akaandika malaria kali. Yaani uzima wangu ndio uliowapoteza. Wangenikuta hata naumwa tumbo kidogo wangefikiria mengine. Nilisimama pale ulimi nje, naona fahari ya kupimwa bila kuchomwa sindano, kumbe kila pumzi yangu nzuri inamfungia mwenzangu mlango.

Wakamchoma sindano ya kwinini, wakamlaza. Wakasema tusubiri. Tulikaa pembeni ya kitanda, na Kulwa akaanza kuongea.

"Doto," alisema. Sauti ilikuwa ya kutoka mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Doto... fungu... Doto..."

Bibi akasimama. Uso wake ulibadilika, na mimi nikaogopa uso ule kuliko nilivyomwogopa Kulwa.

"Anamwita," akasema.

"Anaweweseka, Mama," mama yetu akasema.

"Mimi nimezika mapacha, mama Kulwa. Mdogo wangu alikuwa na mabasa. Yule wa kwanza aliita jina la mwenzake hivihivi, siku nzima. Mwenzake akaitika. Tulichimba shimo moja." Akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa Kulwa, polepole, kama anayefunika chungu. "Mtoe huyu mtoto humu ndani. Anaitwa akagawane."

Mama alitaka kubisha, nilimwona. Alifungua mdomo. Halafu akanitazama mimi, akamtazama Kulwa, akakosa nguvu ya kubishana juu ya watoto wawili kwa wakati mmoja. "Nenda nyumbani, mwanangu," akasema.

Bibi akanishika mabega. "Unaenda moja kwa moja. Ukisikia jina lako, usiitike. Hata ukiitwa na sauti unayoijua. Umenisikia? Usiitike."

Sasa, kama wewe ni wa Mwanza unajua. Mji huu ukiita Doto, wanageuka nusu ya watu. Nilipita kwenye magenge, nikasikia "Doto, leta gunia!" Nikakimbia. Kwenye mteremko wa mawe mwanamke mmoja akaita, "Wewe Doto, njoo hapa!" Labda alikuwa na Doto wake. Labda alikuwa jirani yetu ananiulizia hali ya mwenzangu. Sikugeuka. Nililia huku nakimbia, nimeziba masikio kwa viganja, na ndani ya viganja bado niliisikia ile sauti ya mtungini.

Nyumbani palikuwa kimya. Korongo walikuwa wamejipanga kwenye paa, wametazama upande mmoja wote. Mchele wa Bibi ulikuwa bado kwenye ungo, kuku wa jirani anaumalizia. Nilikuwa na njaa kali, tumbo halijui msiba. Nikaenda nyuma, kwenye tangi, nikafunua kikombe.

Zilikuwepo. Zimewekwa juu ya jani la boga, zimechambuliwa vikonyo, zimefutwa vumbi. Shanga. Njano iliyokolea, kila moja na kichwa kilichochongoka kidogo, jua linapenya mpaka ndani unaona kama zina taa. Zilikuwa nyingi, kiganja changu hakikuzimudu. Uzio ule tulishaubatiza ila tulikuwa hatujaufikia kuuonja, na hapo nikaelewa kwamba Kulwa aliuonja leo, bila mimi, na hata hivyo ameniwekea changu. Nilisikia furaha. Naomba mnielewe, nilisikia furaha, kwamba pamoja na kununa kwake hakunisahau.

Nikaweka moja kwenye mdomo wa chini. Ilikuwa ya baridi. Nikaigusa kwa ncha ya ulimi.

Nikasita. Kulwa hakuwa amesema "Tamu."

Sikufikiria sumu, wala zile mboni za macho, wala sheria ya Mama. Nilifikiria tu kwamba mkubwa hajasema. Kula kabla hajasema ilikuwa kama kuvuka mstari ambao hata siku za njaa kubwa sikuwahi kuuvuka. Nikasimama pale na shanga mdomoni, mate yamejaa, nachukia, halafu nikaitoa nikairudisha kwa wenzake. Nikakunja jani. Nitaenda kumuuliza.

Lakini Bibi alikuwa amesema nini? Nililipima neno lake njia nzima ya kushuka. Alisema nisiitike. Hakusema nisiulize.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni mwa wodi, fimbo kaitega kwa upana. Nilijua hatanipitisha. Nikazunguka nyuma, kwenye madirisha ya vioo vya kupanga, nikapanda juu ya tofali, nikaona miguu ya Kulwa.

"Kulwa!" nikaita. "We Kulwa! Ni tamu?"

Mama akageuka kama amepigwa. Akaja dirishani. "Doto! Si umeambiwa ubaki..."

"Namuuliza tu hizi ni tamu."

Nikainua jani. Mama akatazama kiganja changu kati ya vioo viwili.

"Hizo nini?"

"Shanga. Fungu langu."

"Fungu lako la nini?"

"Ameniwekea Kulwa. Chini ya kikombe."

Sijui Mama alitokaje mle ndani. Nakumbuka tu vidole vyake vikiwa tayari mdomoni mwangu, vinapekua chini ya ulimi, nyuma ya magego, na sauti yake ikisema umekula ngapi, umekula ngapi, umekula ngapi. "Sijala," nikasema kwa kubanwa. "Hajasema tamu." Akanisukuma pembeni akakimbia na lile jani ndani.

Daktari alivimwaga vile vitunda kwenye sinia la chuma. Akaviangalia muda mrefu. Akasema huko kwao wanafunga ng'ombe mbali na uzio wa namna hii. Halafu akauliza, "Yule amekula kiasi gani?"

Hakuna aliyejua. Kulwa hakuweza kusema. Aliyejibu alikuwa Bibi, toka mlangoni, amesimama, sauti haina nguvu tena.

"Kama hizo," alisema. "Hawa ni mabasa, dokta. Fungu la huyu ndilo fungu la yule. Kahesabu hizo, ndizo alizokula."

Na daktari, mtu wa kusoma, akafanya hivyo. Alizihesabu kwa ncha ya kalamu, uso ukazidi kuingia giza, akamwita sista, wakaleta mpira na maji na unga mweusi wa mkaa, wakavuta pazia. Sauti zilizotoka nyuma ya lile pazia sitaziandika.

Giza lilipoingia bado alikuwa hai. Alfajiri alifungua macho, akanitafuta, akanikuta, kwa sababu Bibi mwenyewe ndiye aliyenilaza pale pembeni yake, na kabla ya hapo alikuwa amemlazimisha sista anipe na mimi ule mkaa, kijiko kwa kijiko, kwa ajili ya usawa. Meno yangu yalikuwa meusi.

"Umekula?" Kulwa aliniuliza. Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Sijala."

Akafunga macho. Nilichukia kwelikweli. Nikasema huyu hata akifufuka anawaza tumbo, anaona wivu nisije nikawa nimefaidi. Hasira hiyo nilikaa nayo muda mrefu, wiki nyingi. Wakati huo uzio wote wa upande wa ziwa ulikuwa umeshakatwa na kuchomwa na Bibi kwa mkono wake, na mwekezaji alipokuja kuikagua nyumba alilalamika kwamba bustani imeharibiwa.

Sasa niwaambie nilichokuja kukijua. Jana, baada ya mambo ya benki, nilikwenda kwa Kulwa. Ameolewa, anakaa Nyegezi, ana mtoto mmoja na kelele nyingi. Alikuwa anakaanga dagaa. Nikamuuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kumuuliza: zile shanga zilikuwa na ladha gani?

Akacheka. "Chungu! Mwanzoni utamu wa uongo, halafu chungu, inakukaba hapa." Akajishika koo. "Nilikula chache nikatema nyingine."

"Chache? Si tuligawana sawa?"

Akageuza dagaa. "Mdogo wangu, siku ile ulikuwa umenitolea ulimi. Nilikula kidogo, nikaona hazifai, nikasema huyu aliyeenda kutembea mjini na ndala nzima ngoja. Nikakuwekea zote zilizobaki. Nikachuma na nyingine."

"Na ningekuuliza?"

"Ningekwambia tamu," akasema, akacheka tena, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka mtoto wake akaja kuchungulia. Halafu tukaacha wote kwa pamoja, kama tulivyozoea kufanya vitu.

Yeye amesahau kila kitu baada ya kulala kwenye ule mkeka. Kuhusu hospitali ni mimi niliyebaki nayo. Kwa hiyo nilimsimulia: midomo imevimba, macho hayaoni, na bado alikuwa anarudia jina langu na lile neno fungu, mpaka Bibi akamziba mdomo kwa kiganja ili nisiende naye. Hapo nikijisikia nasimulia, ndipo nikaelewa. Mtu mwenye pumzi kidogo namna ile haitumii kuita mwenzake kaburini, wala haitumii kwa utani. Alikuwa ameshajua tumboni mwake kile kitu ni nini. Alikuwa anaufuta utani wake, ana neno moja tu limebaki kwenye ile sentensi, na sisi tuliompenda tukamzuia asilimalize.

"Ulikuwa unasema nisile," nikamwambia.

Kulwa alitazama kikaango. Mafuta yalikuwa yanalia.

"Sikumbuki, Doto," akasema. Akachukua dagaa mmoja wa moto, akampuliza, akamng'ata kichwa, na akakaa anatafuna muda mrefu kuliko dagaa anavyohitaji kutafunwa, huku mimi nikisubiri.